Baki Nililolifuta Kwenye Hesabu za Zainabo

Vijana mnaoanza kazi ya vipimo mmeniomba niwaandikie niliyoyajua. Nitaandika, ila msitegemee nifuate mwaka baada ya mwaka, maana kichwa changu hakiko hivyo tena. Na mkiona nimeacha chombo nimeingia habari za mke wangu, nivumilieni. Kosa kubwa kuliko yote niliyoyafanya katika kazi hii sikulifanyia porini wala kisiwani. Nililifanyia nyumbani kwangu, mezani, mchana kweupe, na aliyelilipia ni yeye Zainabo.

Mimi nilikuwa mpimaji wa uvutano. Hapa Palma waliniita Bakari wa Ndoo, kwa sababu chombo chetu, gravimetro, kina umbo na ukubwa wa ndoo, na nilikibeba mgongoni zaidi ya miaka thelathini. Mzee mmoja wa Rongui aliwahi kuniuliza nilikuwa napima nini kisiwani kwao. Nikamwambia, "Nguvu ya ardhi ya kuvuta vitu, shehe." Akanitazama, akaitazama ndoo, akasema, "Kumbe hujui kama inavuta? Panda mnazi ule, uachie mikono." Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini, na mimi nikaendelea kusawazisha chombo kama sikusikia.

Ndani ya ile ndoo mna uzito mdogo ulioning'inia kwenye springi. Penye mwamba mzito chini, ardhi inavuta zaidi kidogo na springi inanyooka. Penye tabaka nene la mchanga na matope ya kale, inavuta pungufu. Kwa namna hiyo unajua kilichoko chini bila kuchimba hata shimo la panya. Lakini tofauti zenyewe ni ndogo mno. Mbuzi akijikuna kwenye mti ulio karibu nawe, utasoma mbuzi badala ya ardhi. Kwa hiyo wekeni chombo mbali na miti na mbali na watu, mkikinge jua kwa mwavuli, mkiache kitulie. Kwenye mchanga wa pwani miguu yake mitatu huzama polepole. Isubirini izame, msiikandamize. Na msikilaze chombo ubavu kamwe, hata mtu akiwaambia gari limejaa.

Aliyenifundisha haya ni Senhor Evaristo, Mmakonde wa Mueda, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, mkali kama pilipili mbuzi. Wakati huo sote tulikuwa kwenye idara ya serikali. Somo lake la kwanza lilikuwa kufunga mzunguko. "Bakari," alisema, "chombo kinachoka kama mtu. Asubuhi kitakwambia hivi, mchana kitakwambia vile, na ardhi haijasogea." Kwa hiyo ukianza kupima asubuhi kwenye kituo cha msingi, jioni lazima urudi upime palepale. Ukikuta tofauti, hiyo ni ya uchovu wa chombo. Unaigawa kwa vituo vyote vya siku hiyo, kila kimoja unakipunguzia kidogo, mpaka mwanzo na mwisho vikubaliane. Hiyo tuliiita kufunga. "Usipofunga hujapima," alisema. "Umetembea tu na ndoo."

Nilifunga mizunguko maelfu. Mkono wangu ulikuwa ukiona tofauti mwishoni mwa ukurasa, unaanza kuigawa kabla kichwa hakijaamka.

Siku moja tulitoka kisiwa cha Macaloe na tofauti kubwa. Mimi, kijana ninayetaka kusifiwa, nikaigawa yote nikampelekea Senhor Evaristo ukurasa safi. Aliutazama kidogo tu.

"Umeigawa?"

"Nimeigawa, senhor."

"Ndogo ni ya chombo. Kubwa namna hii ni ya kitu, na hukijui ni kitu gani. Então, basi, rudi Macaloe."

Nikarudi, nimenuna njia nzima. Kumbe asubuhi tulikiweka chombo kwenye jiwe la matumbawe, na jioni, kwa sababu maji yalikuwa yamepanda, tukakiweka hatua chache juu yake kwenye mchanga tukidhani ni palepale. Ile tofauti ilikuwa inatuambia ukweli na mimi nimeifuta. Basi msije mkasema sikufundishwa. Nilifundishwa mapema kabisa, kwa Kireno na kwa Kiswahili.

Sasa niseme habari za Zainabo. Alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari hapa Palma. Mwembamba, mwenye sauti nene kuliko mwili wake, na akifundisha alisahau kula. Darasani aliwaweka wanafunzi wanane washikane mikono kwa duara, akawaambia wajitupe nyuma wote kwa pamoja, wavutane wasianguke. "Mmoja akiachia?" anauliza. Wote wakajibu, "Tunaanguka!" Mkurugenzi wa shule alimwita mara mbili kumwambia awe anatumia ubao.

Ilikuwa miaka ile gesi inagunduliwa baharini. Mji ulijaa wageni, magari meupe, na kila mtu na mpango wake. Kampuni moja iliniajiri kupima upande wa nchi kavu. Tulipita na ndoo hata pale ambapo leo pana nyumba za matofali za Quitunda, wakati huo pakiwa mashamba ya mihogo. Watu walinisimamisha sokoni, "Bakari, umeiona gesi?" kama kwamba nimeifungia ndani ya ndoo. Wanafunzi wa Zainabo waliacha shule wakawe walinzi na madereva. Alirudi nyumbani siku moja akasema darasa lake limebaki na watu kumi na moja, na wawili kati yao wamekuja kumuaga.

Nadhani huo upungufu wa wanafunzi ndio uliomrudisha kwenye mapenzi yake ya zamani, protoni. Kwa asiyejua, protoni ni chembe iliyomo katikati ya kila atomu, na ndani yake mna chembe za msingi zinazoitwa kwaki, na nyingine zinazoitwa gluoni, zinazozishika kwaki zisitoke. Zainabo aliwahi kusikia mhadhara mmoja kuhusu jambo hilo alipokuwa chuoni, na haukumtoka.

"Baba Rehema," aliniambia siku moja tukichambua mboga, akiniita kwa jina la binti yetu kama kawaida, "wewe unazunguka na ndoo ujue kilichomo chini bila kuchimba. Mimi nataka kujua kilichomo ndani ya protoni bila kuivunja. Kazi yetu moja."

Nikamwambia protoni ni nyepesi mno, uvutano wake hakuna chombo cha kuupima.

"Chombo hakipo, ila nadharia ipo. Wewe unadhani kinachohusika na uvutano ni uzito peke yake. Nadharia inasema hata msukumo uliomo ndani ya kitu unahesabiwa, na mkazo wake unahesabiwa. Basi ukiuliza, uvutano ungeishikaje protoni, umeshauliza ndani yake panasukumwa wapi na panavutwa wapi. Umeelewa?"

"Sijaelewa."

Akachukua jani la muhogo akanichorea kwenye unga uliomwagika mezani. Katikati panasukuma kwenda nje kwa nguvu kubwa kupita kiasi. Pembeni panavuta kurudi ndani. Ukijumlisha yote, kuanzia katikati hadi nje, lazima upate sifuri, kwa sababu protoni haipasuki wala haijikunji. "Isingekuwa sifuri," alisema, "mimi na wewe tusingekuwepo hapa kugombea kiti kizuri." Wataalamu huuliza swali hilo kwa kurusha elektroni na kuangalia mwanga, au kwa kompyuta kubwa, kisha wanatoa majedwali ya namba. Nilimuomba karani wa kampi yetu akanichapia makala alizozitaja. Nilipompelekea Zainabo alizishika kwa mikono miwili, akasahau kunisalimia.

Jambo lililokuwa mbele yake ni hili. Mhadhiri mmoja wa Maputo alikuja kuangalia ufundishaji, akazungumza naye, akavutiwa. Alimwambia kuna nafasi ya mestrado, shahada ya pili, kwa walimu wa mikoa, nafasi moja tu kwa mkoa wetu wa Cabo Delgado. Amtumie hesabu nzima ya mkono wake, hata kama ni ya mambo yanayojulikana, ili aone anavyofikiri. Zainabo alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja. Alijua na mimi nilijua kwamba nafasi ya namna hiyo haitapita tena mlangoni kwetu. Mkiniuliza kama nilitaka aende, nilitaka, na usiku mwingine sikutaka, ila kwa mdomo nilisema nenda na nilimaanisha.

Majedwali aliyokuwa nayo yalikuwa ya kwaki peke yake. Akatengeneza jedwali lake la safu arobaini, kuanzia katikati ya protoni mpaka nje, akajumlisha. Haikutoka sifuri. Likabaki baki. Akarudia mara ya pili na ya tatu, likabaki. Akawa anatembea nalo. Anaosha vyombo, anasimama na sahani mkononi. "Ama mkono wangu umekosea," alisema, "ama hili ndilo fungu la gluoni, zenyewe hazimo kwenye majedwali haya. Likitoka lilelile mara ya nne, ni la gluoni. Nitaandika hivyo, na nitaeleza." Miezi mitano alilibeba baki hilo. Alikonda. Rehema, binti yetu, alikuwa na miaka kumi na mbili, alikuwa akimwambia, "Mama, kula kwanza, protoni haikimbii."

Mara ya nne alifanya hesabu ya safu zote mwenyewe kwenye kaderno yake, daftari la jalada gumu, akanipa mimi nijumlishe na kunakili kwa hati safi. Mimi nina hati nzuri, na alikuwa akiwaambia watu, "Baba Rehema hakosei kujumlisha." Ilikuwa Ijumaa, nimetoka swala. Yeye akaenda shuleni kusimamia mtihani.

Nikajumlisha. Baki likatoka. Nililitazama lile baki lililonilia mke wangu miezi mitano, nikalichukia. Kuna jambo nimelikiri kwa watu wachache. Sikukaa nikafikiri kumdanganya. Mkono ulifanya uliyozoea. Mwanzo na mwisho havikubaliani, basi gawa. Nililigawa baki kwa arobaini, nikaipunguzia kila safu kipande chake kidogo, kipande ambacho mtu hawezi kukiona. Nikanakili kwa hati yangu nzuri. Chini kabisa nikaandika sifuri, nikapiga mistari miwili kwa rula. Nilijisikia nimemtua mzigo.

Aliporudi hakuvua hata viatu.

"Limetoka ngapi?"

"Sifuri."

"Sifuri?" Akaishika karatasi. "Umekagua?"

"Nimekagua."

Alikaa. Uso ulishuka, kwa muda mfupi tu, kama wa mtu aliyesikia kwamba mgeni aliyekuwa akimtarajia haji. Niliuona, nikaifunika kalamu yangu. Kisha akacheka, akavua mtandio akajifutia uso. "Kumbe ni mkono wangu miezi yote hii! Pronto, yameisha." Siku ya pili akaandika maelezo kwamba hesabu za kwaki zinafunga zenyewe, akatuma Maputo kwa kompyuta ya shule. Jioni hiyo alikula wali sahani mbili, na mimi nikajiona mume bora katika pwani nzima.

Jibu lilikuja baada ya majuma matatu. Alilisoma kwenye kompyuta ya shule, akalichapisha, akaja nalo nyumbani akaliweka mezani mbele yangu. Mhadhiri alikuwa ameandika kwa adabu, na adabu ile ilichoma zaidi. Hesabu ya kwaki peke yake haiwezi kufunga, alisema, fungu la gluoni halimo. Senhora professora amezilazimisha namba zitoe jibu alilolitaka, na anayefanya hivyo hayuko tayari kwa utafiti. Nafasi amepewa mwingine.

Zainabo alileta kaderno yake akaiweka kando ya nakala yangu. Akalinganisha safu ya kwanza, akaandika tofauti. Ya pili, akaandika. Ya tatu. Nilikuwa nimekaa mbele yake, nikaona anafika safu ya kumi na moja, na tofauti ni ileile, ileile. Akaweka kalamu chini.

"Baba Rehema. Hii ni kazi yako."

"Nilikufungia mzunguko," nikasema.

"Ulinifungia nini?"

"Nilidhani ni kosa. Nilikuona unateseka nalo."

Nilingoja anipigie kelele. Mimi ni mtu wa kelele, kelele ningeziweza. Alikunja kaderno, akaishikilia kifuani, akasema polepole, "Ungeniachia. Hata lingekuwa kosa, lilikuwa langu." Halafu akaingia chumbani.

Siku tatu alisema nami kwa kupitia Rehema. "Rehema, mwambie baba yako chai ipo." Mimi nipo palepale, chai ipo palepale, Rehema anacheka anashindwa kujizuia. Siku ya nne niliandika barua Maputo kwa Kireno changu cha vituo na vipimo, nikaeleza kila kitu, nikaambatisha nakala ya kurasa za kaderno yake. Nikasema aliyelazimisha namba ni Bakari Amisse, mpimaji, na mwalimu hana hatia. Niliipeleka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, kwa mkono wangu, ipande ndege. Mhadhiri alijibu. Alisema ameelewa, na kwamba hesabu ya kaderno ni nzuri, tena baki limeelezwa vizuri pembeni. Lakini darasa limejaa na limeanza. Ajaribu mwaka mwingine. Mwaka mwingine mhadhiri mwenyewe alikuwa ameondoka nchini, na aliyekalia kiti chake hakujibu barua.

Zainabo alilisoma lile neno "nzuri" mara nyingi. Alilikata kwenye karatasi kwa mkasi akalibandika ndani ya jalada la kaderno. Akarudi darasani kwa wanafunzi wake tisa. Hakunitupa, wala hakunichukia, na mtu asinidanganye kwamba ingekuwa heri anichukie, maana nilimpenda na nilitaka abaki. Ila hakunipa tena hesabu. Alinipa kujumlisha alama za mitihani tu, na kila nilichojumlisha alikikagua mbele yangu, akiweka alama ya vyema kwa kalamu nyekundu. Alifanya hivyo mpaka mwaka aliougua.

Alifariki Pemba, hospitalini, mimi na Rehema tukiwa naye. Baadaye Rehema alinisomea kwenye simu kwamba wataalamu wamepima kweli msukumo uliomo ndani ya protoni, na kwamba wengine wanatafuta fungu la gluoni. Nilimwambia anisomee tena. Nikamwambia anisomee tena. Nilitamani Zainabo aisikie habari ile hata kwa dakika moja, anisukume begani, aseme, "Si nilikwambia?"

Basi vijana, yale ya vyombo mtajifunza, na vyombo vya leo vinajisawazisha vyenyewe, vinajifungia mizunguko, havinuni. Mimi nawaomba hili moja. Kwenye ukurasa wenu acheni safu ya pembeni kwa ajili ya baki. Liandikeni kwa wino kama lilivyotoka, mwandike na saa. Mkiligawa, ligaweni kwenye ukurasa mwingine. Na mkipewa hesabu ya mtu mwingine, jumlisheni tu. Mkiona haifungi, mwiteni mwenyewe aje aone, hata kama amechoka, hata kama mnampenda. Mumpe kiti akae.

Siku hizi naishi kwa Rehema, Quitunda, na wajukuu watatu wanaoigeuza ndoo yangu kuukuu kuwa kiti. Wiki iliyopita niliichukua kaderno ya bibi yao nikafanya jedwali lake upya, kwa mkono, safu zote arobaini. Macho yangu mabovu, ilinichukua siku nne. Leo asubuhi nimefika chini. Limetoka lilelile, namba kwa namba. Nikainua kichwa haraka nikasema, "Mama Rehema, limebaki!"

Aliyekuwa mbele yangu ni Rehema, anapeta mchele. Akasimamisha ungo.

"Limebaki nini, Baba?"

"La mama yako," nikamwambia. "Nimeliacha."